Nzi wa Nasra

Nasra husokota nzi. Kwenye karakana moja ya Kihonda inayotengeneza nzi bandia wa kuvulia samaki, kazi yake ni kuvisha ndoana manyoya. Hupaka uzi nta, hunyofoa manyoya ya sungura, kidogo mno, kisha huyasokota kwenye uzi kwa kidole gumba na cha shahada, upande mmoja tu, mpaka uzi uvimbe kama utambi. Ukizidisha manyoya, umepata andazi lenye ndoana!

Mama mkwe wake, Bi Mosi, alikuwa anamcheka tu. "Samaki gani mjinga hivyo, mwanangu? Mimi hanidanganyi huyo!"

Maneno hayo yakamkaa Nasra rohoni. Jumamosi, kwa kuwa nyumbani hakuna sungura, akamchana Kidari, paka wa Bi Mosi, akachukua manyoya laini ya ndani yenye rangi ya moshi. Akasokota nzi mmoja mwembamba, akambandika kimyakimya kwenye sahani ya vitumbua.

Bi Mosi akatoka na chai. Akamwona. Akaweka birika chini, akavua kandambili, paa! Sahani ikaruka, vitumbua vikatapakaa uani, na ndoana ikanasa kwenye kandambili.

"Umenasa, mama!" Nasra alicheka mpaka akakaa chini.

Bi Mosi alimkodolea macho yule nzi, kisha akamgeukia Kidari, aliyekuwa anakula kitumbua bila wasiwasi.

"Nisokotee mwingine upesi," akanong'ona. "Filomena wa jirani anakuja kunywa chai."