Chango la Mbeyu

Mbeyu alikuwa na chango. Ndivyo alivyosema mama yake, ndivyo alivyosema mavyaa wake Kahaso, mama wa mumewe, naye hakuwa na sababu ya kubishana nao. Mwanamke akiumwa chini ya kitovu na kutokwa na uchafu, basi ni chango, na dawa yake ni mizizi ichemshwe, inywewe vivyo hivyo na uchungu wake. Aliinywa tangu alipoolewa. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, mtoto.

Si kwamba hawakuambiwa. Rispah, mhudumu wa afya wa kijiji, aliwahi kuwakusanya wanawake uani kwa jirani. Alipotamka tu "magonjwa ya zinaa", Mbeyu alijifunga leso yake vizuri akaondoka. Zinaa na yeye wapi na wapi? Mwanamume alimjua mmoja, Kombe, mumewe wa ndoa, bawabu wa nyumba za wageni kule Diani. Aliyelibuni jina hilo sijui alikuwa akifikiria nini. Wake wangapi wenye heshima zao wamelikimbia?

Hatimaye maumivu yalimlaza, akapelekwa hospitali. Muuguzi, mama mmoja wa bara, alimweleza polepole.

"Dada, mirija ya uzazi imeziba. Ni ugonjwa wa zinaa, umekaa sana bila dawa. Kushika mimba sasa itakuwa ngumu. Mwambie mzee pia akuje atibiwe."

"Mimi sijazini," Mbeyu alisema.

"Sijasema ni wewe, dada."

Kombe aliporudi mwisho wa mwezi, Mbeyu alimweleza, akingoja aulizwe ameutoa wapi. Kombe hakuuliza. Aliendelea kufungua kamba za viatu.

"Mimi nilidungwa sindano zamani, pale Ukunda," alisema. "Nikapona."

"Zamani lini?"

"Mwaka ule tuliooana."

Mbeyu alivikumbuka vikombe vyote vya mizizi alivyokunywa, mumewe akimtazama na kumpa pole. Alimchukia, na kumchukia hakukumsaidia kitu. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

Asubuhi Kahaso alimkuta jikoni.

"Hospitali wamesemaje, mwanangu?"

Neno alilopewa Mbeyu hospitali lingemchafua yeye, si Kombe.

"Ni chango, mama."

"Si nilikwambia," Kahaso alisema, akatia mizizi sufuriani.

Mbeyu aliinama, akapuliza moto.