Gari la Mjomba Lilipogoma Rwekubo

Tulikwenda Mbarara kwa sababu moja tu: mama amwekee mdogo wangu Faida mkono kichwani kabla hajapelekwa Canada. Kwetu Kivu ya Kusini mtoto haendi mbali bila mkono wa mzazi. Faida alikuwa ameshachukuliwa na wahudumu wa wakimbizi siku iliyotangulia, akalala Mbarara, na basi la kuelekea uwanja wa ndege lilikuwa liondoke Mbarara saa sita mchana.

Asubuhi, Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda. Mjomba, kaka wa mama, alikataa katakata tupande taksi. Alikuwa fundi magari huko Uvira, na hapa kambini alinunua gari kuukuu likiwa mifupa mitupu akalifufua mwenyewe. Kwa heshima ya safari hii alilipaka rangi nyekundu, hadi ndani ya boneti. Akageuza ufunguo: kimya. Tukalisukuma mteremkoni, likawaka.

"Batri imelala tu," akasema.

Rwekubo, mji mdogo wa njiani. Hapo mjomba alizima gari ili watu wamsalimie vizuri. Sikumwelewa, na hadi leo simwelewi. Alipogeuza ufunguo tena, taa zilififia, starta ikasema "tik", basi. Pale hapana mteremko. Alisugua vichwa vya batri, akagonga starta kwa jiwe, akaazima batri nyingine dukani. Tik ileile.

Taksi ya Mbarara ikasimama mbele yetu. Nikamshika mama mkono.

"Mama ya mutu mwenye kuenda Canada hawezi kupanda taksi sawa muzigo ya mihogo," mjomba akasema.

"Mujomba, basi itatuacha," nikasema.

"Nabintu, nani mukubwa hapa?"

Mama akatazama chini. Kwetu, mtoto akisafiri, neno la mjomba ndilo la mwisho. Taksi ikaenda, nami nikameza hasira yangu.

Jua lilikuwa limepanda sana alipochukua waya mnene akaunganisha batri moja kwa moja na injini. Ikawaka palepale.

"Ni masi," akasema polepole. Ni ule waya unaofunga batri kwenye bodi ya gari. Alikuwa ameufunga juu ya rangi yake mpya, na umeme haupiti kwenye rangi. Akakwangua kwa kisu mpaka chuma kikaonekana. Ufundi wote ule ulishindwa na urembo.

Mji wa Kabingo tuliupita bila kumsalimia mtu.

Mbarara. Askari wa geti la kituo walikolala wasafiri hakuinuka hata kwenye kiti.

"Basi hakuna. Ilisha kwenda. Nyinyi mulikuwa wapi, mzee?"

Mama alisimama pale getini muda mrefu, hadi nikamrudisha garini mwenyewe.

Njiani kurudi, simu ikalia. Alikuwa Faida.

"Mama, nilikuwa naangalia ku dirisha tu. Sikukuona."

"Miye nilikuona," mama akasema. "Nilikuwa nyuma ya batu mingi. Nilikuinulia mukono toka mbali. Enda na Mungu, mutoto wangu."

Utotoni mama alituchapa sote kwa ajili ya uongo. Siku ile nilijifunza kwamba naye anajua kudanganya, tena bila sauti kutetemeka. Mjomba alisikia kila neno. Akasema injini sasa inalia vizuri.