Nilishuka kwenye ndege mbovu Changamwe, nikamwacha mdogo wangu ndani

Wakuu, salaam aleikum kwa wanaoitikia, na habari zenu kwa wengine wote.

Mimi humu ni msomaji wa pembeni. Husoma nyuzi zenu, nikacheka, nikapita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu mwaka jana na kila nikilimeza linarudi. Chumvi sitatia. Pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mtu wa Likoni, fundi wa mashine za kunyanyulia makontena katika yadi moja huko Changamwe. Kazi yangu ni injini. Miaka kumi na minne nasikiliza injini, mpaka mke wangu hulalamika kwamba friji nalisikiliza kuliko yeye.

Tuje kwenye kisa.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa akiishi Lamu. Hakujaaliwa mtoto. Baba alipofariki alitulea yeye, mimi na mdogo wangu Athumani, mpaka tukaota ndevu. Kila nikienda kumwamkia alinishika mkono akaniambia, "Siku yangu ikifika, nyinyi wawili ndio mtakaonitia kaburini. Sitaki kushikwa na watu kando."

Kwa wasiojua: kwetu mwanamke akizikwa, wanaoshuka chini kumpokea huwa ni wale wasioweza kumuoa. Mwanawe, ndugu yake, mtoto wa ndugu yake. Shangazi hakuwa na mwengine ila sisi.

Simu ilikuja asubuhi, ndio kwanza nimevaa ovaroli. Amefariki alfajiri. Mazishi baada ya sala ya alasiri.

Mabasi ya Lamu yalikuwa yameshaondoka, na maiti kwetu haiwekwi kungojea mtu.

Shemeji yetu, mume wa dada yetu mkubwa, yuko kwenye biashara ya mizigo na anajuana na watu. Akapiga simu mbili tatu. Kuna ndege ndogo inapeleka vitu vya hoteli Lamu saa tano, ina nafasi, mwenyewe amekubali tupande bure. Akaja kutuchukua kwa gari lake mpaka uwanjani, kule upande wa ndege ndogo. Njia nzima anatupa pole na kutwambia tusiwe na wasiwasi, maadamu yeye yupo shangazi tutamzika.

Sasa wakuu, nikaiona ndege.

Injini moja, viti sita, rangi imebabuka. Chini ya tumbo lake kulikuwa na mchirizi wa oili kutoka mbele mpaka karibu na mkia, na vumbi limegandia juu yake. Oili ya leo haishiki vumbi namna ile. Ile ilikuwa ikivuja siku nyingi na hakuna aliyeona haja ya hata kuipangusa.

Tairi moja lilikuwa limelika mpaka nyuzi zinaonekana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo lake pamoja na kipande cha waya.

Nikamwuliza rubani, kijana wa bara, mcheshi, kuhusu ile oili. Akacheka. "Buda, hiyo ni kawaida. Hizi ndege za zamani zikikosa kuvuja ndio ujue oil imeisha."

Nikamvuta Athumani pembeni. "Athumani, chombo hiki kibovu."

"Kaka, kwako wewe kila chombo ni kibovu. Hata pikipiki yangu waiita jeneza."

Kweli naiita hivyo. Tukapanda.

Ndani tulikuwa wanne pamoja na rubani, na makasha nyuma. Mbali na sisi ndugu wawili kulikuwa na mama mmoja wa Kibajuni mwenye mtoto mchanga. Alikuwa amekuja Mombasa kujifungua hospitali, sasa anarudi kwao. Mtoto hata arobaini hakuwa ametimiza.

Nikafunga mkanda. Haukushika. Nikausukuma tena, ukatoa mlio kama umeshika, nikauvuta ukaachia.

Rubani akawasha. Mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakataa, ya tatu ikawaka. Tukasogea kidogo, akasimama, akaipa moto. Baadaye nilisoma kwamba ndege hizi zina njia mbili za kuwasha plagi, ili moja ikifa nyengine iendelee, na rubani kabla ya kuruka huzima moja moja kuzijaribu. Wakati ule sikujua. Nilichokijua ni nilichokisikia.

Alizungusha ufunguo upande mmoja, injini ikapungua kidogo. Sawa. Akauzungusha upande wa pili, ndege nzima ikatetemeka, injini ikakohoa na kutaka kufa. Kwa haraka akaurudisha katikati.

Halafu akageuka kututazama. Si kama rubani anayetaka kujua abiria wake wako sawa. Alitaka kujua nani amesikia.

Macho yetu yakakutana.

Wakuu, hofu niliijua siku ile. Nikaona bahari yote iliyopo kutoka hapa mpaka Lamu. Nikawaona wanangu. Nikasema kwa sauti, "Nishushe."

Akazima injini bila ubishi. Hilo nalo lilinitisha.

Na sasa ndipo nilipokosea.

Shemeji alikuwa bado amesimama pale kwenye uzio, anatupungia mkono. Mtu aliyejivunjia heshima yake kutuombea nafasi. Nimtokee mbele ya watu nimwambie chombo ulichotutafutia ni kibovu? Shemeji yangu, siku ya msiba? Kwetu hilo ni tusi. Nikaona haya.

Mama yule akaniuliza, "Kaka, mbona washuka? Kuna nini?"

Nikamwambia, "Tumbo, dada. Lanikata."

"Pole. Mungu akuponye."

Athumani alinitazama kwa jicho la hasira. Nikamshika mkono nimvute, nikamnong'oneza, "Shuka. Wallahi shuka." Akautoa mkono wake. "Shangazi alitaka wawili. Hata mmoja asiende?"

Nikashuka peke yangu. Nikiwa chini nikamwona yule mama anahamia kiti changu, kwa sababu kilikuwa na nafasi ya mkoba wa mtoto. Kiti cha mkanda usioshika. Nilimwona anaukokota mkanda ule kwenye mapaja yake.

Sikusema kitu.

Wakaruka. Shemeji akanihurumia, akaninunulia soda ya tangawizi eti itatuliza tumbo. Nikainywa mbele yake mpaka ikaisha.

Safari ile ni kama saa moja. Sikuweza kukaa. Nilizunguka gari la shemeji mpaka akaniuliza kama nataka choo. Saa moja ikapita. Nikapiga simu ya Athumani, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mkewe. Hakuna neno lililopangika. Nikawa namwomba Mungu na huku naona aibu kumwomba, maana nilichokuwa namwomba anizuilie, mimi mwenyewe nilikuwa na uwezo wa kukizuia kwa sentensi moja.

Ilipotimia saa moja na dakika arobaini tangu waruke, simu ikalia.

"Tumefika," akasema Athumani. Akakata.

Alasiri nilimswalia shangazi kwa mbali, na aliyemteremsha ni Athumani na mwanamume mwengine wa mtaani. Mtu kando, kama alivyosema hataki.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi. Msibani kila mtu aliniuliza kama tumbo limepoa. Waliuliza kwa upole, na niliwajibu kwa upole.

Baada ya hitima ya siku ya tatu nikarudi stendi. Nikamkuta Athumani amekaa ndani ya basi na begi lake. Ile ndege ilikuwa inarudi Mombasa siku hiyohiyo na nafasi yake ilikuwepo. Nikakaa karibu naye.

Tulisafiri masaa mengi. Tukikaribia Malindi ndipo aliposema.

"Tulipokuwa juu ya maji injini ilinyamaza."

"Muda gani?"

"Sijui. Yule rubani aliacha kucheka. Mlango nao ulianza kufunguka, nikaushika kwa mkono huu mpaka ukafa ganzi. Yule mama akaniwekea mtoto mapajani. Akanambia, 'Wewe kijana wa Likoni, bila shaka wajua kuogelea.'"

Nikautazama mkono wake.

"Injini ikarudi," akasema. "Lakini kaka, nakuuliza. Mimi uliniambia, nikakataa mwenyewe. Yeye ulimwambia tumbo. Kwa nini?"



Shemeji nilimweleza ukweli wiki ile ile. Hakukasirika kwamba niliikataa ndege yake. Alikasirika kwamba nilimwacha asimame pale anapunga mkono. Ile ndege sijui iko wapi sasa, na sijui kama bado inapakia watu.

Funzo nililopata ni hili. Ukiona chombo ni kibovu, cha angani, cha majini au cha barabarani, usishuke kimyakimya. Sema kibovu, kwa jina lake, mbele ya kila aliyepanda, hata kama aliyekutafutia ni shemeji yako. Mimi nilijiokoa kwa adabu, nikawaacha wengine kwa adabu.

Karibuni mseme mnaloona. Mkitaka kunilaumu nilaumuni, nimejizoesha. Na kama yule mama yumo humu jukwaani, sikuuliza jina lako wala la mtoto. Naomba unisamehe.