Habari Ziwafikie Popote Walipo

Nilirudi nyumbani Tukuyu msimu wa mvua kubwa, nikiwa na wiki chache za kujisomea kabla ya mtihani wa cheti cha uandishi wa habari. Chuo kilikuwa Mbeya, kimojawapo cha vile vya binafsi vilivyoanza kufunguliwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, katika vyumba vya kupanga juu ya duka la vipuri. Walimu walitufundisha kwa Kiswahili, lakini makaratasi waliyotugawia yalikuwa ya Kiingereza, yamedurufiwa mpaka herufi zimefifia. Kwangu mimi kusoma kulikuwa kwanza kuyageuza maneno yale yawe katika lugha ninayoiwazia.

Baba alikuwa fundi cherehani. Babu yake ndiye aliyekuja huku milimani kutoka Kilwa. Sisi tulizaliwa hapahapa, tukaswali na kufunga kama wazee wetu, tukazungumza Kinyakyusa kama majirani zetu. Wakati huo mitumba ilikuwa imejaa sokoni. Watu waliozoea kushonesha suti za harusi kwa baba sasa walimletea suruali za mitumba apunguze miguu. Alikaa na cherehani yake barazani mwa duka, redio ikiwa juu ya rafu ya vitambaa, nami nikakaa karibu naye kutia vifungo huku nikisoma kwa sauti. Mtumaji. Ujumbe. Njia. Mpokeaji. Mrejesho. Hadhira ni watu wengi, waliotawanyika, wasiojuana, na ambao mtumaji hawafahamu.

Siku za soko alikuwa akija mama mmoja wa kijiji cha Masoko, mjane, ambaye aliuza ndizi na alikuwa akiweka tenga lake tupu barazani kwetu akisubiri gari la kurudi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kahawa ya kwao ilipokosa bei ya maana na chama cha ushirika kikawa hakinunui tena kwa wakati, kijana alimwachia mama yake shamba akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Mwanzoni alikuwa akituma salamu kwa watu waliokuwa wakirudi. Kisha salamu zikakoma.

Yule mama hakuwa akisikiliza taarifa ya habari. Alisubiri matangazo ya vifo ya alasiri tu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, na msomaji wa redio alikuwa akienda haraka, kwa hiyo aliniomba nimfasirie. Nilimtajia majina ya watu waliokufa Tanga, Bukoba, Songea, yeye akiwa ameinamisha kichwa. Yakiisha, alinyanyua tenga lake. Siku moja nilimuuliza kwa nini anajipa mateso yale. Akanijibu kwa Kinyakyusa kwamba asiyetajwa yuko hai.

Akataka naye kujua ninachosoma. Nikamweleza kwamba anayesema anaitwa mtumaji, anayesikia ni mpokeaji, na kile ambacho mpokeaji anakirudisha kwa aliyesema kinaitwa mrejesho. Kwenye redio, nikamwambia, mrejesho huchelewa sana au haupo kabisa. Yule anaongea tu, wala hajui kama umemsikia.

"Basi mwanangu na yeye ni ledio," alisema, wala hakucheka.

Siku habari ilipofika mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba baba alilazimika kuongeza sauti. Kulikuwa na sisi watatu tu barazani. Lilisomwa tangazo la mtu wa Mererani aliyesikitika kutangaza kifo cha rafiki yake, kilichotokea huko baada ya kuugua kifua, na kwamba mazishi yalikuwa yamekwisha kufanyika hukohuko. Kisha likatajwa jina la kijana, na jina la baba yake. "Habari zimfikie mama mzazi wa marehemu aliyeko Masoko, Tukuyu, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Msomaji akaenda kwenye msiba mwingine, wa Dodoma.

Mguu wa baba ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Mama yule alikuwa amesikia jina, na amesikia Masoko. Hayo mengine yalimpita. Alinigeukia akanyoosha kidole kwenye rafu.

"Mwambie aludie," alisema.

Nikamweleza kwamba hawezi kurudia. Akasema tena, kwa sauti ileile ya chini, kama mtu anayeomba maji. Baba akaizima redio. Aliniambia kwa Kiswahili nisiseme kitu kwanza, yeye amtume mtu kwa shemeji wa yule mama aliyekuwa akiuza mbao upande wa pili wa soko, maana habari ya namna ile mtu huambiwa na watu wake, akiwa ameshikwa. Hakusema vibaya. Ndivyo ilivyokuwa desturi, kwao na kwetu pia. Lakini mama yule alinishika mkono akaniambia kwa Kinyakyusa, "Wewe umesikia. Mimi nimekaa hapa siku zote hizi ili nisikie."

Nikamwangalia baba. Akaitikia kwa kichwa, nami nikamwambia mama yule. Nilimwambia maneno yote kwa mpangilio uleule, kwa sababu sikujua namna nyingine. Yalikuwa machache. Hakulia papo hapo. Aliuliza nani alimzika, kama alizikwa na sanda au na nguo zake, kama alikuwa na mtu wa kumpa maji. Kila swali lilikuwa la haki na kila swali nilikosa jibu. Kisha akaanguka, baba na mimi tukamdaka kabla hajafika chini.

Baba alifunga duka, akaenda kumwita yule shemeji, tukampeleka Masoko pamoja. Sijawahi kusahau vilio vilivyotupokea migombani, vikiruka kutoka nyumba hadi nyumba kutuzidi mwendo, kiasi kwamba tulipofika uani watu walikuwa tayari wamejaa.

Nilikusudia kurudi mjini kesho yake. Haikuwezekana. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, hapakuwa na mtu aliyeshuhudia. Kulikuwa na mimi tu niliyesikia tangazo. Kila kundi la waombolezaji lililoingia lilitaka kuambiwa, na baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa akiongoza msiba, alikuwa akiniita nilipokaa ndani na akina mama, nitoke nje nikaseme. Nilisimama mbele ya wazee waliokaa kwenye viti vya kanisa nikasema maneno yaleyale: amefariki Mererani, aliugua kifua, amezikwa hukohuko, aliyetangaza ni rafiki yake.

Mahali penyewe palikuwa na njaa ya habari, na njaa hiyo ilijilisha yenyewe. Ilipofika jioni mtu kutoka Ikuti alisema kwa uhakika kwamba kijana ameangukiwa na jiwe shimoni. Mwingine alikuwa amesikia kwamba aliuawa na wenzake kwa sababu ya jiwe la thamani. Wote walisema wamesikia kwenye redio. Mama wa marehemu, akiwa amelazwa kwenye mkeka kando ya ukuta, alikuwa akiyasikia yote yakipita mlangoni. Alimtuma shangazi wa marehemu aniite, akaniuliza kama nimemficha kitu. Nikamwapia kwamba sikumficha.

Baba mdogo naye alinivuta pembeni. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. Akaniuliza kama siwezi kuongeza kidogo, hata kwamba alikufa kwa amani, hata kwamba watu walikuwa wengi mazishini.

"Baba, nikiongeza moja, hata lile la kweli hawataliamini," nilimwambia.

 Akauliza kama gazeti haliwezi kueleza zaidi, siku hizi ambapo magazeti yalikuwa mengi mpaka wauzaji wanayatandika chini pale stendi. Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba chumba cha habari kina mtu anayeamua lipi liingie na lipi libaki nje, na kwamba kifo cha kijana mmoja asiye na cheo, mbali na mji, huwa hakipiti. Jambo hilo tuliliita ulinzi wa lango. Nilikuwa nimelikariri neno hilo juma zima, nikijivunia nilivyolitafsiri. Kulisema mbele ya mtu ambaye mtoto wake amebaki nje ya hilo lango kulinitia haya. Yeye akasema tu, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye kiti chake.

Siku ya kuanua matanga waumini wa kanisa lao waliimba, baba akaja kutoka mjini na kanzu yake, akakaa na wazee. Nikarudi naye. Makaratasi yangu yalikuwa yameliwa na unyevu, yamegandamana. Sikuwa na muda wa kuyanyambua yote.

Kwenye mtihani walituuliza, pamoja na mengine, tueleze kwa mifano kwa nini mawasiliano ya umma hayana mrejesho wa papo kwa papo. Nilikaa na swali lile muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Mfano nilikuwa nao, ila niliona si wangu wa kumpa msahihishaji. Nikaandika kuhusu barua kwa mhariri. Nilifaulu, si kwa alama za kujisifia, nikapata nafasi ya kujifunza kazi katika gazeti dogo la pale Mbeya ambalo baadaye lilikufa kama mengi ya wakati ule.

Kipupwe kilichofuata nilikuwa nimekuja kumsalimia baba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na watu wa soko walijitanda vitenge mabegani. Akatokea kijana mgeni, wa umri wangu hivi, amevaa shati moja jepesi, anatetemeka. Mtu alikuwa amemwelekeza kwetu. Alimwamkia baba shikamoo, akaketi ukingoni mwa baraza, akasema ametoka Mererani, kwao Singida, na anamtafuta mama mmoja wa Masoko. Akamtaja marehemu.

Baba alisimamisha cherehani.

"Mimi ndiye niliyepeleka tangazo," kijana alisema. "Mlisikia?"

"Tulisikia," baba akamjibu. "Mama yake alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

Kijana alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Baada ya hapo akatueleza kwamba marehemu aliwahi kumtajia Masoko na Tukuyu tu, bila anuani, bila sanduku la posta, na kwamba tangu alipolipeleka tangazo hakujua kama limemfikia mtu yeyote. Alikuwa akilala akiwaza kwamba pengine mama bado anasubiri. Alipopata nafasi ya kusafiri akaona bora aje mwenyewe. Nikamletea sweta la baba, tukaondoka wote wawili kwenda Masoko.

Mama yule alitupokea uani. Nilipomwambia mgeni ni nani, alimkagua kijana usoni kwa muda mrefu, kama anatafuta kitu alichokiacha hapo. Tukaingia ndani. Nilikaa katikati yao nikafasiri. Maswali yalikuwa yaleyale aliyoniuliza barazani siku ya mvua, na safari hii yalikuwa na majibu. Waliomzika ni mgeni huyu na wenzake wa chumba kimoja. Sanda ilinunuliwa kwa mchango. Aliugua tangu vuli, akawa anakohoa usiku kucha, na maji walimpa wao kwa zamu. Alipokuwa na nafuu alipenda kuwasimulia jinsi ndizi za kwao zinavyopikwa. Mama alikuwa akisikiliza, akiuliza tena pale ambapo hakuridhika, na kijana akieleza tena kwa namna nyingine.

Kisha kijana akasita. Akaniambia kuna jambo hajui kama lina maana. Siku za mwisho Kiswahili kilimtoka rafiki yake kabisa, akawa anasema lugha ya kwao tupu, na pale chumbani hakuwapo hata mmoja anayeielewa. Walimjibu ndiyo, ndiyo, wakimshika mikono. Maneno mengi yalipotea. Machache alikuwa ameyakamata kwa sababu rafiki yake aliyasema mara nyingi. Wenzake walidhani ni jina la msichana.

"Alikuwa akisema, 'Juba, ndaga fijo,'" kijana alisema, akiyatamka kwa uangalifu na kuyakosea kidogo. "Huyo Juba ni nani?"

Sikufasiri. Juba ni mama, na maneno yale mengine ni ahsante sana, na mwenyewe aliyekuwa akiambiwa alikuwa ameketi mbele yetu na ameyasikia. Alijifunga kitenge upya kiunoni, ingawa hakikuwa kimelegea. Machozi yalimtoka bila sauti. Halafu akamwambia kijana, kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Juba ni mimi."

Kijana alikaa Masoko mpaka kahawa ya yule mama ilipomalizika kuchumwa. Alilala chumba cha rafiki yake. Majirani wengine walimwita kwa jina la marehemu na mwenyewe hakuwakatalia. Baba ndiye aliyenisimulia kuhusu siku aliyoondoka, maana mimi nilikuwa nimerudi Mbeya kazini: walikuja wote wawili hadi stendi, mama amebeba mkungu wa ndizi kichwani, akakataa katakata kijana ampokee. Akausimamia mwenyewe mpaka ulipopandishwa juu ya basi, akamwonyesha utingo jinsi ya kuulaza ili usichubuke.