Karatasi Safi ya Jina Lisilokuwa Lake

Siku ile karatasi ilipokuja tulikuwa watu wanne. Mimi, binti yangu mkubwa, ambaye nakaa kwake hapa Ibra, Omani, mwanawe wa kike, anayefanya kazi Nizwa na kuja kila Alkhamisi, na mdogo wangu wa tumbo moja, yeye kwenye simu tu, sura yake ikitetemeka kutoka Uingereza. Majina yao ninayo, na ya waliokwisha kufa ninayo pia, lakini haya si mambo ya kutajana.

Mdogo wangu alikwenda Uingereza mwaka wa mapinduzi ya Unguja. Mwaka uliofuata walimkuta chumbani na mwanamume mwenziwe. Watu wazima wote wawili, wamependana, hakuna aliyemlazimisha mwenziwe. Kwa sheria ya kule ya siku zile akafungwa miezi mitatu. Sheria wameibadilisha zamani, lakini hukumu ilibaki kwenye madaftari ya polisi, na yeye miaka yote akikimbia kila fomu inayouliza: uliwahi kuhukumiwa? Ndiyo maana hakuomba hata siku moja kuja kuishi kwetu. Sasa wanazifuta hukumu za namna ile, mtu akiomba. Akaomba. Yuko peke yake, umri umeshapita themanini, anataka kumalizia maisha yake hapa, na kupata ukaazi kunataka karatasi safi ya polisi.

Basi akaionyesha barua kwenye simu, mjukuu wangu akatusomea: tumetafuta, hatukuona hukumu yoyote kwa jina hili. Mdogo wangu akawa analia huku anacheka. Hata binti yangu, ambaye hakupenda kabisa mambo haya yasemwe nyumbani mwake, alishusha pumzi.

"Khalas, bibi, yamekwisha," mjukuu wangu akasema. "Hakuna kitu."

Mimi nikamwambia alisome jina tena. Akalisoma: lake, la baba, kisha la kabila letu. Nikaondoka nikaenda uani, nikazipindua tende nilizokuwa nimezipindua sasa hivi tu, nikarudi, nikakaa, nikainuka. Binti yangu akaniuliza kama nimeingiwa na upupu.

Nani kati yetu alikuwa na jina la kabila kwenye pasi siku zile? Unguja tukiandikwa jina letu, la baba na la babu, basi. La kabila tumeliandikisha huku, tulipopewa vitambulisho. Mdogo wangu akaliongeza kwenye karatasi zake baadaye, ili afanane na sisi, na la babu akaliacha. Aliyefungwa ni yule wa jina la babu. Huyo hawakumtafuta.

Binti yangu akasema nimwache mzee na furaha yake, nani atajua. Lakini mjukuu akatazama fomu ya ukaazi: inauliza na majina uliyokuwa ukitumia zamani. Siku tatu sikuweza kumwambia. Akipiga simu kuniuliza kama Ibra kipupwe kinataka blanketi, mimi namjibu habari za blanketi, kisha nazunguka ua mpaka miguu inauma.

Siku ya nne akapiga tena.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeshafunga masanduku?"

"Moja."

"Lifungue."

Nikamweleza. Akauliza kama ni lazima aandike tena yote yale, chumba kile, mtu yule. Nikamwambia asipoliandika yeye jina la babu, wataliona wao.

"Wewe husahau kitu," akasema. "Hata mbuzi niliyemfungua nina miaka sita unaye kichwani mpaka leo."

"Mweusi, wa jirani," nikamwambia, na hapo akacheka kidogo.

Fomu ya kufutiwa hukumu ikataka na anwani ya nyumba aliyokuwa akikaa siku zile, aliyopanga na vijana wenziwe wa Unguja. Yeye imemtoka. Mimi kusoma kwangu ni kwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na wakati ule herufi za Kizungu nilikuwa sizijui hata moja. Lakini kila mwezi nilimpelekea barua, na anwani nikiichora kwa kuifuatisha ile aliyoniandikia, kama mtu anavyochora hina. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikaigeuza, nikachora. Mkono ulikwenda wenyewe. Uliposita ni kwenye nambari tu: kumi na saba, au kumi na moja. Nikachora kumi na saba, mjukuu akaipiga picha, ikapelekwa pamoja na jina la babu.

Jibu bado. Mdogo wangu hapigi simu ila nimpigie mimi, na habari za blanketi haziulizi tena.

Basi nyinyi watoto wa Unguja mliopanga naye nyumba ile, ndio ninaowasimulia haya, mnajijua, na mimi nawajua mmoja mmoja. Kama mlango ulikuwa kumi na moja, niambieni kwamba nimekosea, wala msinionee haya kwa uzee wangu. Niambieni sasa, kabla hawajamjibu tena kwamba hawakuona kitu.