Jina Nililoliruka

Ndugu Mhariri, mkiichapa barua hii katika ukurasa wenu naomba mfiche jina langu na la kijiji chetu. Mbeya ni kubwa kwa macho tu, habari hapa hazichukui hata nusu siku kuenea. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mnyakyusa, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Nimesomea ustawi wa jamii miaka miwili katika chuo kimoja cha Iringa, na mwezi ujao tunapewa vyeti. Wenzangu wanashonesha magauni ya sherehe. Mimi hicho cheti hata kukitaja sitaki.

Niwaeleze kwanza nilivyofika chuoni, maana uchungu wangu umeanzia hapo. Nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima kijijini. Nafasi ya masomo ilipokuja, mume wangu, ambaye ni dereva wa malori ya Zambia, alikataa katakata. Alisema mwanamke akilala bweni miaka miwili harudi kama alivyoondoka. Aliyenitetea ni baba mkwe. Hakuniambia mwenyewe, kwa sababu kwetu mkwe na mke wa mwanawe hawaonani wala hawasemezani, na jina lake silitamki mpaka naingia kaburini. Hata hapa siliandiki. Alimtuma mama mkwe: "Mwambie mwanangu amwache mkewe akasome. Watoto watakula kwangu." Na kweli walikula kwake, ingawa jicho lake moja lilikuwa limeshakufa na la pili limeanza ukungu.

Chuoni mwalimu wetu hakuchoka kurudia kwamba kazi hii haina mkwe wala shemeji. Kwenye mtihani nikajaza kurasa tatu kueleza kwamba mila isizuie huduma. Nikawashinda wote, nikatamba bweni zima. Kumbe maneno matupu hayo, jamani.

Mwaka wa pili tulipelekwa kwenye mazoezi ya kazi, mimi nikapangiwa ofisi moja hapa Mbeya. Alikuwa anakuja daktari wa macho kwa juma moja tu, tukaambiwa tukusanye wazee kutoka vijijini. Karani wetu, bwana mmoja mpole, alikuwa anapiga taipu na mimi namsomea majina kutoka barua za makatibu wa vijiji. Tukafika kijiji chetu. Jina la tano lilikuwa la baba mkwe. Ulimi ukakwama. Nikasema moyoni, akimaliza ukurasa nitamwonyesha kwa kidole, nikasoma la sita. Kabla hajamaliza nikaitwa kupokea wageni wa mkuu wa ofisi, mara viti havitoshi, mara chai imepoa, mchana ukaisha. Nilisahau. Hakuna neno zuri zaidi la kusema, nilisahau.

Nilikumbuka siku ya safari, Landrova iliposimama kijijini nikamwona amekaa kando ya barabara, amevaa koti lake la kanisani. Nikajifunika khanga kichwa kizima, nikainama mpaka magotini kama mama yangu alivyonifundisha. Nikamsikia akitaja jina lake. Karani akapekua karatasi, akasema halipo. Kisha akanigeukia.

"Dada, wewe ndiye uliyenisomea. Huyu mzee alikuwamo?"

Sauti yangu haitakiwi isikike mbele yake, sawa. Lakini ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kumfinya karani mguu. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwapo kabisa. Mimi nikabaki nimeinama, na karani akachukua kimya changu kuwa ndilo jibu. Ndipo baba mkwe akasema taratibu, "Basi, mwanangu. Mkwe wa watu anaumia shingo humo ndani. Ngoja niondoke apate kuketi."

Alinijua. Alijiondokea ili mimi niinue kichwa.

Gari lilipotembea nilitaka kusema turudi. Lakini ningeeleza nini mbele ya wenzangu, mimi niliyewashinda wote kwa kupinga mila? Niliona aibu. Tusidanganyane, si mila peke yake iliyonifunga mdomo, na majivuno yalikuwamo.

Mume wangu aliporudi safari alimpeleka hospitali mwenyewe. Wakamwambia wamechelewa, angeletwa na msafara ule jicho lingepona. Sasa baba mkwe haoni kabisa, na anaishi nasi, chumba cha uani. Chakula chake anampelekea binti yangu. Haoni, na bado mimi najificha. Naye akisikia miguu yangu hugeuza uso ukutani, anipe njia.

Mume wangu ameapa. Alisema, "Aliyeliruka jina la baba nikimjua, hata awe wa tumbo moja na mimi, sitakula naye tena." Nilikuwa namwandalia ugali. Baba mkwe akamjibu kutoka uani kwamba wazee walikuwa wengi siku ile, jina lilipotea tu, aache kulaani watu.

Juzi amemtuma binti yangu. Anaomba cheti kikija apelekewe akishike, kwa kuwa kukisoma hawezi. Nilijifungia jikoni nikalia mpaka maharage yakaungua.

Ndugu wasomaji, majuto ni mjukuu, nami wangu nimempakata. Kumwomba radhi ni lazima niseme naye, na kusema naye ndiko nisikoweza. Lazima nitume mtu. Nikimtuma mume wangu, ndoa imekwisha. Nikimtuma mama mkwe, hajawahi kumficha mwanawe neno. Binti yangu ana miaka saba, nimbebeshe mzigo huu? Nikinyamaza, nitakaa ofisini nawahudumia wazee wa watu, majirani wananiita Bibi Maendeleo, na mzee aliyenisomesha yuko uani gizani.

Nishaurini jamani. Radhi hii nimpe nani anipelekee?