Mtafsiri wa Panga na Subira

Kwa miaka ishirini na miwili kaka yangu aliongea mbele za watu kila siku, na akirudi nyumbani hakuwa na la kusema. Alikuwa mtafsiri wa filamu. Ukumbi wetu ulikuwa bohari la zamani la simenti: mabenchi kumi na manne, pazia jeusi mlangoni, televisheni kubwa juu ya meza ya chuma, na yeye pembeni kwenye kiti chake, mkononi maikrofoni iliyozungushiwa utepe wa fundi umeme. Filamu zilikuwa za lugha za mbali, na lugha hizo hakuzijua, hilo niliseme mapema. Alitafsiri alichokiona. Mtu akikunja uso tu, kaka ameshampa sababu ya kuukunja, na jina la mkewe, na kosa alilomfanyia shemeji yake. Watu walishika mbavu. Akikosea walimzomea bila huruma, naye aliwajibu kwa maikrofoni hiyo hiyo huku risasi zikiendelea.

Mimi nilikaa mlangoni, nikikata tiketi na kuwakaripia wanaoweka miguu kwenye mabenchi. Mume wangu alikuwa ameshakwenda zake, kaka hakuoa, tukaishi wawili kwenye vyumba viwili nyuma ya ukumbi. Wateja walikuwa wakiniita Afande. Sikuwakataza.

Pale ukumbini kila mtu alikuwa na upande wake, kwa sababu kulikuwa na waongozaji wawili wa filamu za mapigano waliopendwa kuliko wengine wote. Majina yao ya kweli yalituvunja ulimi, tukawabatiza upya. Mmoja tulimwita Panga, kwa jinsi alivyokata picha. Gari linapinduka, kata. Jicho, kata. Kioo, kata. Ngumi zake hujawahi kuiona hata moja ikifika: unaiona inaondoka, halafu unaona mtu yuko sakafuni. Juu ya yote hayo muziki unapiga mpaka meno yanauma. Wa pili tulimwita Subira. Huyu aliiweka kamera mahali pamoja, mbali kidogo, akaiacha hapo. Watu wawili wakipigana unawaona mwili mzima, tangu wanaanza mpaka wamechoka. Muziki hakuna. Na mtu wake akiumizwa mguu mwanzoni mwa filamu, atachechemea mpaka mwisho.

Kaka alikuwa wa Subira, wa kufa na kuzikana. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikuwa wa Panga, na wawili hao waligombana juu ya jambo hilo karibu kila siku ya Mungu.

"Filamu za huyo wako," Kinyozi alikuwa akisema, "mtu anaweza kutoka, akanyolewa, akaoshwa kichwa, akarudi akakuta jamaa bado anapanda ngazi."

"Na za huyo wako ukipiga chafya umepitwa na vifo sita, na hata kimoja hukijali."

"Mimi nimekuja kustarehe, bwana, sikuja matangani."

"Panga muoga yule," kaka alimjibu. "Anakata kwa sababu hataki uone kwamba ngumi haikufika. Subira anakuachia uangalie mwenyewe. Mtu anayekuachia uangalie atakudanganyaje?"

Kwa upande wangu nilikuwa wa Panga, wala si kwa ujuzi wowote. Filamu ya Panga unaweza kuipa kisogo, ukamfukuza mlevi, ukageuka tena, na hujapoteza kitu. Za Subira nilisema zinanitia usingizi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuitazama hata moja mwanzo hadi mwisho.

Kisha kaka akaanza kutia kidole kwenye kikombe akimimina chai. Nililiona hilo nikajifanya sijaliona. Akaanza kugonga bega kwenye mlango aliopita miaka yote. Nilipomuuliza alisema taa za mle ndani ni hafifu. Siku moja nikiwa nafua nilikuta kadi ya hospitali mfukoni mwa shati lake: presha ya macho, na tarehe tatu za kurudi ambazo zote hakwenda. Nilimkalia kooni mpaka akasema. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Televisheni alikuwa anaiona weupe mtupu, na watu ndani yake ni vivuli.

"Acha kazi, kaka," nilimwambia.

"Nikitoka kwenye kile kiti nitakuwa nani? Mtu wa kushikwa mkono kupelekwa msalani?" Alinitafuta kwa macho yake, akayatua kidogo pembeni ya uso wangu. "Usimwambie mtu. Hata Kinyozi. Hasa Kinyozi."

Nikamwahidi. Tena nikafanya zaidi ya kuahidi. Nilimpa tiketi mama muuza karanga azikate mlangoni, nikachukua kigoda, nikakaa nyuma ya kaka gizani, kiganja changu mgongoni kwake. Tulikuwa tumekubaliana. Kidole kimoja, shujaa. Vidole viwili, adui. Kukwaruza kwa ukucha, mwanamke. Kiganja kizima kikikandamiza, kuna mtu amekufa. Wateja walidhani uzee umenitia mapenzi ya filamu, wakanitania, nami nikawaacha wacheke.

Kwa filamu za Panga mpango wetu ulikwenda vizuri mno. Panga alimsaidia kaka bila kujua: adui akija muziki unamtangaza, shujaa akipiga ananguruma, magari yanalia kabla ya kupinduka. Masikio yake na mkono wangu vilitosha. Na palipopungua alitia chumvi, watu wakazidi kucheka. Lakini za Subira hakuzigusa tena. Kwa miezi minane ukumbi wetu ulikuwa wa Panga, Jumatatu hadi Jumapili, na kaka akaanza hata kumsifia kwenye maikrofoni mtu ambaye alikuwa amemdharau maisha yake yote. Kinyozi alitembea kifua mbele. "Hatimaye umeokoka," alimwambia, na kaka akacheka naye. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani ng'ambo ya ukuta. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyomwonea siku niliyoikuta kadi.

Kinyozi hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Ushindi ulimchosha. Jumamosi moja mchana alikuja na diski kwenye mfuko wa karatasi, amejitoa jasho kuitafuta upande wa pili wa mji. Filamu mpya ya Subira.

"Shika," alimwambia kaka. "Nimechoka kushinda peke yangu. Saa kumi tuionyeshe, nikutukane vizuri kama zamani."

"Mashine mbovu," nilidakia.

"Mashine nzima," kaka akasema, akainyoosha mikono kuipokea ile diski. Aliipapasa kote, kama mtu anayekagua shati jipya.

Tulipobaki wawili nilimjia juu. "Una akili wewe? Subira hana muziki. Utasikia nini?"

"Nitausikia mkono wako."

"Basi tuitazame sasa hivi, nikueleze kila kitu, saa kumi utakuwa unaijua."

Hapo alikasirika kweli. Katika miaka yote ile hakuwahi kutafsiri filamu aliyokwisha kuiona. Ilikuwa sheria yake, na fahari yake: watu na yeye waione pamoja kwa mara ya kwanza. "Sijawahi kuwalisha watu kiporo," alisema, "na sitaanza na Subira." Kisha akapoa. "Mara moja tu, dada. Nimtafsiri mara moja tu ya mwisho, halafu niletee Panga mpaka nife."

Nikakubali. Hata leo sijui ningemkataliaje.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Filamu ilikuwa ya mlinzi wa kiwanda na rafiki yake aliyemuuza kwa wezi. Saa nzima ya kwanza tulikwenda bila kosa. Kaka aliishusha sauti, ile sauti yake ya Subira ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi minane, na watu wakatulia.

"Bado anapanda ngazi!" Kinyozi akapaza sauti kutoka benchi la tatu.

"Na wewe bado unawanyoa vipara watu walioomba kupunguzwa tu!" kaka akamjibu, ukumbi ukaangua kicheko. Niliona fahari, na nikaanza kuamini kwamba tutamaliza salama.

Kisha wakafika kwenye ujia. Ujia mrefu wa kiwanda, kamera mwisho wake, haisogei. Mlinzi huku, rafiki yake kule, wakaanza kupigana. Hakuna sauti ila soli kwenye sakafu na pumzi zao. Nilibonyeza: kimoja, viwili, kimoja. Mlinzi akateleza, kiatu kikamtoka. Rafiki yake akamngojea ainuke. Akamngojea! Kwenye filamu ya Panga hakuna anayemngojea mtu. Niliona ameshazishusha ngumi zake, nikaona kwamba hataki, kwamba anaomba mwenzake abaki chini yaishe. Mlinzi akainuka, na mguu mmoja mtupu, wakarudiana. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliitazama filamu ya Subira, na nikasahau kabisa kwamba nina kazi. Kiganja changu kilikuwa pale pale mgongoni kwa kaka, lakini hakikusema neno.

Mlinzi alianguka, safari hii hakuinuka. Rafiki yake akakaa sakafuni kando yake. Akakiokota kile kiatu, akaanza kumvalisha maiti, polepole, vidole havimtii. Machozi yalikuwa yananitoka.

Ndipo nikamsikia kaka. "Ameshinda! Mlinzi wetu ameshinda, jamani, sikieni anavyohema. Amekaa chini apumzike kidogo."

Nilishtuka, nikamkandamiza kwa kiganja kizima. Kuna mtu amekufa, kaka, kuna mtu amekufa.

"Ndiyo, adui amekufa!" akasema kwa furaha. "Kafa kabisa!"

Nikambonyeza kidole kimoja, nimwambie ni shujaa, shujaa ndiye amekufa, na yeye akaelewa kwamba shujaa ndiye tunayemwona. Kila nilichobonyeza kilimpa nguvu katika uongo ule. Kumnong'oneza sikuweza, maikrofoni ingenasa. Kwa dakika tano nzima kaka alimchukua marehemu, akamsimamisha, akamfuta damu, akamrudisha nyumbani kwa mama yake, akampa na maneno mazuri ya kumwambia mlangoni. Kwenye televisheni mtu mmoja alikuwa analia juu ya kiatu.

Hakuna aliyezomea. Kinyozi aliinuka nusu, akafungua mdomo, akautazama mkono wangu mgongoni kwa kaka, akakaa. Nikaona watu wanaangalia televisheni, wanamwangalia kaka, wananiangalia mimi, benchi moja baada ya jingine. Kaka akaendelea mpaka majina yalipoanza kupanda.

Walitoka taratibu. Wawili watatu walipita kwenye kiti chake wakasema asante, mtafsiri. Kinyozi alikuwa wa mwisho.

"Umetafsiri vizuri sana, ndugu yangu," alimwambia. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumsifia hata siku moja. Kisha akaondoka haraka, na nilijua kwamba anakwenda kulia.

Kaka aliizima maikrofoni.

"Nani aliyekufa?"

"Mlinzi."

"Wapi?"

"Kwenye ujia."

Nikajua anapiga hesabu ya maneno yote aliyoyasema tangu pale. "Na mkono wako?"

Ningeweza kumdanganya. "Nilikuwa natazama, kaka. Nilijisahau. Nisamehe."

Niliogopa atanifokea. Badala yake aliugeuza uso upande wangu. "Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Yule rafiki alifanya nini, baada ya pale?"

"Alimvalisha kiatu. Kikakataa kuingia. Akajaribu tena."

"Na kamera?"

"Haikuondoka."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa nukta chache uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika. Halafu yale ya ukumbini yakamrudia.

"Hata Kinyozi hakunizomea," alisema.

"Hata yeye."

"Wangenizomea, ningerudi kesho." Aliiweka maikrofoni juu ya meza, akaitafuta njia ya mlango kwa mikono yote miwili, na safari hii hakunificha.